Mwalimu Gaston na Joho la Mdogo Wake

Ndugu waombolezaji, mimi ni Masika, binti wa dada yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mjomba wetu, Mwalimu Gaston Byamungu, nami nitayasoma kama alivyotaka mwenyewe, bila kuyapaka rangi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Mei 1961 huko Uvira, Kongo, akiwa mtoto wa kwanza, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari na chuo cha ualimu Bukavu, ambako maktabani alikutana na wafalme wa kale wa Uskoti waliopigania uhuru wao dhidi ya Waingereza, akawapenda mno, hata tukawa tunamtania kwamba anawajua hao kuliko majirani zake.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na mama Denise, wakajaliwa Orpha, Thierry na Jocelyne, na mdogo wake marehemu, Emery, kitinda mimba wa kwao, akalelewa nyumbani humo kama mtoto wa nne. Vita vilipowatoa Uvira, wote walifika Johannesburg mwaka 1999, wakapanga chumba Joubert Park, marehemu akalinda maduka hadi mwaka 2004 alipopata kazi ya kufundisha historia katika shule ya binafsi mjini, na huko watoto wa Kizulu na wa Kikongo walimshangilia Robert Bruce, mmoja wa wafalme hao wa Uskoti, kama mtu aliyefunga bao.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa hili, kwamba mfalme Aleksanda wa Uskoti alikufa mwaka 1286 akisafiri kwa farasi, mjukuu wake aliyekuwa mrithi naye akafa angali mtoto, wakubwa wakagombea kiti, wakamwita mfalme Edwadi wa Uingereza awaamue, naye akataka kwanza wamkubali kuwa bwana wao, wakamkubali, akampa kiti John Balliol, na baada ya miaka michache akamvua hadharani hata nembo ya joho lake. Kila mwaka marehemu aliwauliza wanafunzi ni mtu gani mwenye akili timamu anayemwita jirani mwenye nguvu aje kuamua ugomvi wa nyumbani.

Inauma kusema, mtu huyo alikuwa yeye. Mchungaji wa kanisa letu la Turffontein alipofariki kwa ajali ya gari Machi 2016, marehemu, aliyekuwa mzee wa kanisa, na Emery, aliyeongoza kwaya, wote walikitaka kiti, wala hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake, basi marehemu mwenyewe akamwendea askofu wa kanisa kubwa la jirani, naye askofu akawataka kwanza wapige magoti wampokee kuwa baba wa kanisa, wakapiga. Orpha alimwambia babake siku hiyo hiyo kwamba huyo ndiye Edwadi, marehemu akacheka, akamjibu kwamba eish, hapa ni kanisani, si Uskoti.

Kiti alipewa Emery, lakini Novemba 2017, mbele ya waumini wote, askofu alimvua joho la uchungaji, akabadilisha kufuli za ukumbi wa kanisa, na kaka mtu akakaa kimya pale mbele, kwa sababu, kama alivyotuambia baadaye akilia, moyoni alifurahi kidogo. Emery alitoka bila kumtazama, na tangu hapo hawakusemezana. Mwaka uliofuata, alipofika kwenye somo la Balliol, marehemu aliweka chaki mezani, akawaambia wanafunzi wajisomee wenyewe.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2018, na kila alipolazwa aliuliza kama Emery amekuja. Alikuja, Mei mwaka huu, akamkuta amelala na mama Denise ametoka kufuata dawa, akaacha mfuko wa machungwa, akaondoka, na marehemu alipoamka hakuyala, akawa anayageuzageuza mkononi akiuliza kwa nini hakuamshwa. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Juni 2019, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Joubert Park walioleta sufuria na viti, ndugu zetu Waislamu wa Mayfair waliotupa basi, na walimu wenzake waliotufungulia ukumbi huu wa shule, kwa kuwa ule wa kanisa tulinyimwa.

Limebaki agizo moja. Marehemu alisema jeneza lake libebwe na watu sita, na mbele, upande wa kulia, ashike Emery, na kama hakuja, nafasi hiyo iachwe wazi, watano wabebe hivyo hivyo. Mjomba Emery, tunakuona hapo mlangoni, na nafasi yako haijashikwa na mtu.

Mjomba Gaston, pumzika kwa amani, mdogo wako amekukuta umelala tena, lakini safari hii hatumwachi aondoke.