Sweta la Chuo cha Jirani

Ndani ya basi la mji wa Toledo, Marekani, wanawake wawili nyuma ya Delbert walikuwa wakibishana.

"Chuo cha jimbo jirani ni cha tisa kwa ubora. Chetu cha sitini!"

"Utakula sifa, mwenzangu? Ukitoka jimbo jingine unatozwa ada mara tatu ya wenyeji."

"Tumuulize huyu baba, kavaa sweta lao. Samahani, mwanao anasoma kule?"

Delbert alilinunua sweta hilo siku binti yake alipokubaliwa kule, kabla hajaiona karatasi ya ada.

"Mwaka wa pili," uongo ukamtoka, masikio yakimwaka moto. "Anapapenda."

"Umesikia? Mzazi wa kweli hujinyima!"

Basi likasimama mbele ya kile chuo cha sitini. Delbert akafunga koti mpaka kidevuni. Binti yake alikuwa kituoni, akimpungia mkono.