Mipira ya Hita ya Fundi Sadoki

Wasikilizaji wapendwa, leo tumefika hapa na huzuni. Fundi Sadoki Simbeye wa Mlowo ametutoka. Mnaoijua baridi ya Mbozi ya mwezi wa sita mnamjua. Ndiye aliyefanya hita za magari yenu zipulize joto.

Sadoki alijifunza ufundi Mbeya, mwaka wa uhuru. Sifa yake ilikuwa mipira ya hita, ile miwili inayopeleka maji ya moto kutoka kwenye injini hadi kwenye hita na kuyarudisha. Kila asubuhi, injini ikiwa bado baridi, aliibonyeza kwa vidole. Mpira ukibonyea kama andazi, umekwisha. Ukikakamaa na kuota nyufa, umekwisha pia. Kwake hapakuwa na mjadala.

Ikaja miaka ya uhaba. Mwaka 1981, mpira wa Landrova ya zahanati ulivimba, na vipuri havikupatikana popote. Sadoki angeweza kuifunga hita kabisa, maji yasipite kwenye mpira ule, lakini alitaka wagonjwa wapate joto. Basi akauviringishia mpira wa baiskeli, akakaza kwa waya. "Utatufikisha," akamwambia dereva, Lusubilo.

Wiki ile ile, wasikilizaji, mke wake Yunisi alishikwa na uchungu wa kuzaa, ukawa mgumu. Wakampakia kwenye Landrova ile ile kwenda hospitali. Walipofika Nanyala, kiraka kikaachia. Maji yakamwagika, injini ikachemka, gari likazima. Sadoki akakimbia na ndoo kutafuta maji. Aliporudi, Yunisi alikuwa amekata roho, pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni.

"Tangu siku ile baba alianza kutembea na kisu," anasema binti yake, Nesta.

Kila mpira mbovu aliouona aliukata hapo hapo, asije mtu akautia kiraka. Madereva walimjia juu: "Fundi, sasa nitaondokaje?" Naye alijibu, "Huondoki. Ingia ndani, ugali upo."

Redio yake, ile aliyotusikilizia, aliibadilisha Tunduma kwa dereva wa lori kutoka Zambia, akapewa mipira miwili mipya. Akaifunga kwenye Landrova ya zahanati. Tangu hapo alitusikiliza akiwa amesimama dirishani kwa jirani.

Jumanne iliyopita kifua kilimbana. Lusubilo akampakia kwenye gari lile lile.

"Tulipofika Nanyala aliniuliza, 'Hita inapuliza?'" anasimulia Lusubilo. "Nikamwambia, 'Weka mkono, mzee.' Akauweka. Akalia. Hakuuondoa mpaka tunaingia hospitali."

Gari halikusimama njiani. Alifariki alfajiri ya Jumatano.

Nesta, pole sana, mwanetu. Poleni ndugu, jamaa na watu wote wa Mlowo. Mungu ampumzishe Sadoki kando ya Yunisi wake.

Nanyi wenye magari, tafakarini. Kesho asubuhi, kabla hujamwambia mtu kwamba mtafika, fungua boneti. Bonyeza kwanza.