Pweza Alimpungia Nani?

Jumamosi mchana, benchi la mbele ya duka la donati, pale Burbank, mji wa studio za filamu, halibakizi nafasi hata ya paka. Ng'ambo ya barabara, foleni imeizunguka sinema kuukuu, watu wamejifunga mataulo mabegani kama mashujaa wanaotaka kuruka. Wanasubiri filamu ya saa tisa, *Kapteni Radi na Pweza wa Kutisha*, ya mwaka sitini na sita. Benchini wameketi watatu: Profesa, mwalimu mstaafu wa fizikia; Jaji, mama aliyekuwa karani wa mahakama, taulo lake la kijani tayari mapajani; na Dwight, wanayemwita Kufuli kwa uchache wa maneno. Miaka yote waliyoketi pamoja hajawaambia kwamba ndani ya yule pweza wa mpira alikuwa yeye.

— Filamu mbovu vile, na bado watu wanajipanga! Profesa alianza. Zipu ya pweza inaonekana mgongoni!

— Ndio utamu wenyewe, kaka, Jaji akamjibu. Walifanya makusudi. Kapteni anapigana na mwavuli mkononi, uso mkavu kama anasoma hukumu. Mimi mbavu sina.

— Na pweza anapokufa, ule mkono anaoupunga? Uzi ulinasa tu.

— Uzi! Yule anakata rufaa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Jaji. Na baharini hakuna mvungu.

— Methali yako imepotea njia, irudishe kwao.

Kufuli alizungusha kikombe chake. Wote studio waliambiwa ni kichekesho, isipokuwa yeye. Mwongozaji alitaka pweza afe kwa dhati. Akafa kwa dhati. Siku ya uzinduzi, ukumbi ulipoanza kuangua vicheko, alimshika mama yake mkono akamtoa nje, kabla kifo chenyewe hakijafika. Mama alifariki bila kukiona. Naye hakuingia tena kuitazama filamu hiyo.

— Nimegundua! Profesa alijipiga paja. Anawaita pweza wenzake wa sayari nyingine. Hesabu vidole!

— Pweza ana vidole, msomi wewe?

— Ndiyo maana ni siri!

Mwanamke mmoja wa foleni, taulo jekundu shingoni, alikuwa akitoka dukani na kahawa yake. Akayasikia mabishano yao, akasimama.

— Samahanini, wazee wangu. Mimi ndiyo mara ya kwanza. Kwani huyo pweza alikuwa anampungia nani?

Jaji akalikunjua taulo lake mapajani.

— Hapo umetushika, mwanangu. Ila sisi huwa tunampungia. Ukumbi mzima.

— Huku mnacheka, Kufuli akasema.

— Tunacheka saa nzima, lakini si pale. Pale tunamuaga. Amekufa kwa moyo wake wote, masikini, na zipu yake wazi. Utamcheka vipi?

Kufuli aliweka kikombe chini, kimejaa vilevile.

— Alimpungia mama yake, akamwambia yule mgeni. Alimwambia, uso wangu hutauona, mama. Atakayepunga ndiye mimi.

Akavuka barabara bila kutazama magari.

— Kajuaje huyu? Profesa akauliza.

Jaji alikuwa keshainuka, taulo la kijani linapepea mkononi, anamkimbilia kwa magoti yake mabovu:

— Wewe! Pweza! Huingii mabega wazi!