Mzee Elimringi na Dishi Lililogeukia Mlima

Miaka thelathini na moja na miezi mitatu: ndiyo aliyoitumikia Mzee Elimringi karakana yetu ya madishi ya satelaiti hapa Ngarenaro, Arusha. Aliingia Machi 1994, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, na magoti yake bado yanapanda paa. Mimi, Blessing wa mapokezi, nimeambiwa nimwandikie maneno haya ya kumuaga kwa sababu nimempokelea simu za wateja miaka kumi na sita na, eti, nina mdomo.

Yeye mwenyewe angetaka nianze na bomba. Kwa Mzee Eli, dishi la mota linaanzia kwenye bomba lililosimama wima. Bomba likiinama kidogo tu, utapata satelaiti moja na kuzikosa zilizobaki. Likisimama sawa, unaanza na satelaiti iliyo juu zaidi, unakaza nati, na kutoka hapo mota inalizungusha dishi kutoka mashariki, kupita karibu na utosi wa nyumba, mpaka magharibi. Mafundi wetu wote amewafundisha hivyo, na aliyebisha alirudishwa juu ya paa akaanze upya.

Mama mmoja wa Levolosi alitupigia simu wiki tatu mfululizo, akilalamika kwamba picha zinapotea kila mchana. Mzee akabadilisha waya, akabadilisha king'amuzi, hola! Safari ya nne alifika bila taarifa, akapanda moja kwa moja, akakuta dagaa wameanikwa ndani ya dishi. Akashuka, akakaribishwa ugali kwa dagaa walewale, akala.

Lakini najua mnangoja niandike ya Oldonyosambu. Haya, naandika.

Mama Simaloi, na Simaloi ni jina lake mwenyewe, anaishi huko, magharibi ya Mlima Meru. Mwaka 2019 mume wake alipanda msituni kumfuata mtamba aliyepotea, hakurudi. Walimtafuta siku kumi na moja. Mwezi uliofuata dishi lao likaanza kugeuka lenyewe, kila siku saa kumi na mbili jioni, mpaka mwisho wa mashariki. Na mashariki ya pale, jamani, hakuna anga. Kuna mlima.

Mzee Eli alibadilisha mota, likageuka. Alichomoa umeme akakaa chini ya dishi kulilinda, likageuka. Akaunganisha kipimo cha mawimbi, nacho, kikiwa kimeelekezwa kwenye mwamba mtupu, kikasoma asilimia thelathini na mbili. Runinga ilikuwa nyeusi tii, ila ukiongeza sauti ulisikia mtu anahema, kama anayetembea njia mbaya kwa miguu. Aliponisimulia, nilidhani ananipiga kamba. Mwaka 2022 nikaenda naye, nikasikia kwa masikio yangu haya, na wiki nzima sikuthubutu kuwasha runinga ya kwangu.

Kwa desturi ya Waarusha, aliyekufa hatajwi jina. Mama Simaloi alilitaja la mumewe asubuhi na jioni, makusudi, kwa sababu kwake mume yu hai na yuko njiani. Binti yake, Nashipae, alikuwa amechumbiwa miaka mitatu. Haolewi bila baraka ya baba, na hakuna mzee wa ukoo awezaye kusimama mahali pa mtu ambaye mkewe anamwita hai.

Shemeji za Mama Simaloi, ndugu za mumewe, wakamwomba Mzee Eli achomelee mota isigeuke, kisha amwambie mama kuwa ilikuwa hitilafu tu. Alikataa. Alisema hitilafu haipandi ngazi, na namba zile zilikuwa zinapanda. Kila mwaka aliporudi kipimo kilikuwa kimeongezeka, arobaini na tano, sitini, themanini na nne, na pumzi ilisikika karibu zaidi. Aliogopa, na alituambia wazi kwamba anaogopa. Lakini hakumficha yule mama namba hata moja.

Wiki ya pili ya mwezi huu tulikwenda mara ya mwisho, kumkabidhi fundi Godbless kazi. Shemeji wote walikuwepo. Saa kumi na mbili, sisi tukiwa chumbani penye runinga na mlango wazi, dishi likageukia mlima, na kipimo kikasoma mia. Mzee Eli alikuwa hajawahi kuona mia, hata kwa satelaiti ya kweli. Ng'ombe zizini walisimama wote wakatazama lango. Halafu dishi, ambalo kwa miaka sita lilikuwa likitulia hapo, likaanza kutembea. Likapanda taratibu mpaka likatazama juu ya vichwa vyetu, na pumzi ikawa humo humo chumbani na sisi. Kisha likashuka upande wa pili mpaka mwisho wa magharibi. Namba nazo zikashuka: tisini, hamsini, kumi, sufuri. Hakuna aliyekuwa amegusa rimoti.

Mama Simaloi alikuwa nje, amelifuata kwa macho mpaka liliposimama. Mzee Eli alivua kofia. Mimi nikatoka na kadi ya kazi mkononi, nikamuuliza mama kwa mazoea tu niandike mteja ni nani. Miaka yote, hata kwenye simu, alijibu upesi na kwa sauti kwa jina la mumewe. Safari hii hakulitaja. Akasema niandike Baba Nashipae.

Shemeji yake mkubwa aliinamisha kichwa. Baadaye akamwita Nashipae, akamwekea mkono kichwani.

Harusi ni Agosti, na Mzee Eli amealikwa. Dishi bado linatazama magharibi. Godbless alijitolea kulirudisha kwenye chaneli, mama akamwambia asubiri kwanza.

Mzee wetu, shikamoo. Asante kwa mabomba yaliyosimama wima, na kwa kutomdanganya mtu hata pale uongo ulipokuwa rahisi. Nenda Machame kwenye migomba yako, ule vizuri, ulale vizuri. Tunakuombea miaka mingi yenye heri na amani.