Bibi Gemu na Darasa Lililokuwa Stoo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Kama kuna kinachochemka jikoni, punguzeni moto kwanza, maana leo tunamkumbuka mtu aliyependa kusikilizwa mpaka mwisho.

Tunamkumbuka mwalimu wa hesabu ambaye watoto walimwita Bibi Gemu. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Bibi Gemu ndiye aliyeanzisha darasa la kufundisha watoto kuandika programu za kompyuta kwa kutumia michezo ya video. Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya viti vibovu.

Jina hilo halikuanza kwa mapenzi. Lilianza kama kejeli za wazazi. Walimrushia, naye akalidaka, akalitia mfukoni, akaendelea na kazi.

Safari yake ilianzia kwenye kibanda cha gemu, nyuma ya duka la simu. Mwanawe wa kiume, ambaye sasa ni fundi umeme, alikuwa akijificha humo kila akitoka shule. Siku moja mama akamfuata.

"Aliingia kandambili moja mguuni, nyingine mkononi," anasema mwanawe. "Wenzangu wakajibanza ukutani. Nikajua leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo."

Lakini kandambili haikushuka. Mama alikuwa anatazama skrini. Mtoto yuleyule aliyesinzia kila akipewa hesabu za nyumbani alikuwa anamfundisha mwenzake: "Usiruke sasa, utatumbukia shimoni. Subiri daraja lirudi, pima umbali, halafu ruka." Mama akashusha mkono.

"Nipishe hapo," akasema.

Akakaa, akacheza, akaliwa na zimwi. Akarudia. Zimwi likamla tena.

"Hili zimwi," akauliza, "nani amelituma linifuate mimi?"

"Kompyuta, mama."

"Kompyuta ni bati na waya. Nani ameiambia?"

Mtoto akamgeukia mwenye kibanda. Mwenye kibanda naye akajikuna kichwa. Mama akavaa kandambili yake, akarudi nyumbani na swali lake.

Wasikilizaji wapendwa, watu wengi wangeliacha swali hilo hapohapo mlangoni. Yeye alijiandikisha kwenye masomo ya jioni, chuo cha ufundi, akiwa na mvi kichwani. Mdogo wake anakumbuka siku ya kwanza.

"Dada alipoingia, vijana wote walisimama wakamwamkia. Walidhani ndiye mwalimu. Akawaambia, 'Kaeni, wanangu. Humu ndani mimi na nyinyi ni rika moja.'"

Na baba watoto wake anasema, akicheka na kufuta macho: "Yeye akienda kusoma, mimi nilibaki na sufuria. Niliunguza sana. Lakini tulisoma wote wawili, kila mtu na somo lake."

Masomo hayakuwa mepesi. Programu ikigoma, aliweka mikono mapajani, akafumba macho, akaomba kwa sauti ndogo: "Ee Mola, nionyeshe kosa langu kabla sijamlaumu mwingine." Kisha alifumbua macho, akaanza kusoma upya tangu mstari wa juu kabisa. Ndivyo alivyofanya kazi. Aliomba, kisha akasoma. Hakuwahi kuomba halafu akakaa tu.

Alipomaliza masomo, alimwendea mkuu wa shule aliyokuwa akifundisha, akaomba chumba. Mkuu akampa ile stoo. Viti vibovu vikahamishiwa ukumbini kwa muda, vikaingia kompyuta zilizochakaa, zilizotolewa na ofisi moja iliyokuwa inanunua mpya. Kompyuta zilikuwa chache kuliko watoto. Hapo Bibi Gemu akabuni utaratibu wake: watoto watatu kwa kompyuta moja. Mmoja ni Kidole, anayeandika. Mmoja ni Jicho, anayekagua. Mmoja ni Mdomo, anayeeleza. Na sheria ilikuwa moja: Kidole hakigusi kibodi mpaka Mdomo useme kwa maneno ya kawaida kinachotakiwa, na Jicho likubali. Kisha wanabadilishana.

"Kidole kisichosikiliza Mdomo ni kibaka," aliwaambia.

Hawakuingia humo kucheza tu. Waliifungua gemu, wakaona ndani. Ukitaka mchezaji aruke juu zaidi, kuna namba ya kubadilisha. Ukitaka mpira upinde, kuna pembe ya kupima. Watoto waliochukia hesabu wakaanza kugombania pembe. Baadaye wakaingia kwenye akili bandia. Bibi Gemu aliieleza hivi: "Humwandikii mchezaji wako kila hatua. Unampa alama akifanya vizuri, unamnyima akikosea. Halafu unamwacha ajaribu mara nyingi, mpaka ajitafutie njia."

Lakini wazazi walikuwa wamechoka kusikia neno gemu. "Nimemleta mtoto asome, si acheze," walisema. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ambaye ni muuza nyama, akafika ofisini na malalamiko yao. Mkuu wa shule akamwita mwalimu.

"Waonyeshe wazazi kazi yako," akamwambia. "Wakiridhika, darasa linabaki. Wasiporidhika, viti vyangu vinarudi stoo."

Hiyo ndiyo iliyokuwa mizani siku ile, wasikilizaji wapendwa. Wazazi wakiridhika, darasa linabaki. Wasiporidhika, darasa linafungwa.

Siku ikafika. Wazazi wakajaa, wengine wamesimama dirishani. Watoto walikuwa wametengeneza gemu ya kuku. Kuku anatakiwa kuvuka uwanja, ale punje za mahindi upande wa pili, na mbwa asimkamate. Hakuna anayemwongoza. Amejifunza mwenyewe. Kuku yule alikuwa ameachwa ajaribu tangu asubuhi, na watoto walikuwa na hakika naye.

Msichana mmoja aliyekuwa Kidole akabonyeza. Skrini ikawaka ukutani. Kuku akatoka mbio kama mshale, akaingia nyuma ya pipa la maji, akageuza mgongo, akatulia.

Wakasubiri. Mbwa akazunguka. Kuku hakutikisika.

"Kuku huyo ana akili kuliko sisi sote," akasema mama mmoja, fundi cherehani. Watu wakaangua kicheko.

"Mimi kuku wa namna hiyo ndiye namchinja wa kwanza," akasema mwenyekiti. Kicheko kikazidi. Mkuu wa shule akatazama nje, kule ukumbini, kwenye viti vyake.

Bibi Gemu alikuwa amekwisha kuliona kosa. Alilijua palepale kuku alipoingia nyuma ya pipa. Angeweza kuinama, akaandika neno moja, darasa likapona. Lakini alijua akilirekebisha yeye, wazazi watakuwa wameona kwamba mwalimu anajua kompyuta, basi. Hawatakuwa wameona watoto wao. Akaweka mikono nyuma, akaikamata barabara, akamgeukia msichana.

"Mwanangu, kuku amekosea nini?"

Msichana alikuwa ameinamisha kichwa. "Hajakosea, mwalimu."

"Hee! Hajakosea?" akadakia mwenyekiti.

"Hajakosea, mzee." Sasa msichana akainua uso. "Tulimpa alama kwa kila muda anaokaa bila kukamatwa. Hatukumpa kitu kwa kula. Kwa hiyo amejificha. Anafanya kilekile tulichomlipia. Asubuhi tulikuwa na haraka, mimi nikaandika kabla Mdomo haujasema. Tungesema kwa sauti, tungelisikia kosa letu."

Fundi cherehani akasogea mbele.

"Basi mpe alama akila," akasema.

"Tukimpa akila tu, mama, hatamwogopa mbwa," akajibu mtoto mwingine.

"Mpe akila, mnyang'anye akikamatwa."

"Na nyuma ya pipa je?" akauliza mwenyekiti, viwiko tayari viko juu ya dawati. "Akikaa pale asipate kitu. Kwangu anayekaa hapati!"

"Sema polepole, mzee," msichana akamwambia, "wewe sasa ndiye Mdomo."

Watu wakacheka tena, ila safari hii walicheka pamoja na watoto. Mwenyekiti akasema polepole. Jicho likakubali. Kidole kikaandika. Kuku akaanza upya, akiwa hajui kitu. Mbwa akamkamata. Akamkamata tena. Wazazi wakawa wanapiga kelele kama wako uwanja wa mpira: "Pita kulia! Kulia, wewe!" Bibi Gemu alisimama pembeni, mikono bado nyuma. Na kuku akajifunza. Hakumaliza mahindi yote. Alikula punje chache, mbwa akampata. Lakini alivuka uwanja, mbele ya macho ya watu wote.

Mkuu wa shule ndiye aliyesema wa kwanza, na hakuzungumzia kuku. "Mimi kila muhula natoa zawadi kwa darasa lililo kimya kuliko yote," akasema.

"Ndiyo maana ukiwauliza kitu wanakutazama tu," akajibu fundi cherehani.

Zawadi ile haikutolewa tena. Darasa likabaki. Viti vikapewa seremala.

Hayo yalitokea miaka mingi iliyopita, wasikilizaji wapendwa. Msichana yule leo ni mwalimu katika chumba kilekile. Tulipomtafuta alituambia neno moja kuhusu Bibi Gemu: "Angeweza kutuokoa siku ile, akatuheshimu." Baada ya mazishi, shule ilitangaza kwamba somo la kompyuta lingesimama kwa wiki moja ya maombolezo. Mwalimu yule alikwenda kufunga tu madirisha. Akawakuta watoto wamekwisha kukaa, watatu watatu. Alijaribu kuwaambia warudi nyumbani, machozi yakamtangulia. Mtoto mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, lia kwanza. Sisi tutasubiri." Akalia. Wakasubiri. Kisha wakaanza somo.

Kwa baba watoto wake, kwa mwanawe, kwa mdogo wake, na kwa wote waliopita mikononi mwake, tunatoa pole zetu za dhati. Mola aliyetoa ndiye aliyetwaa. Ampe pumziko jema, nanyi awape nguvu.

Nasi tuliobaki tutafakari. Mashine zinazojifunza zimeshaingia nyumbani mwetu, mifukoni mwetu, shuleni kwa watoto wetu. Zitafuata tunachozilipa, na watoto wetu vilevile. Tusikimbie kwa kuwa hatujui. Tuombe, kisha tusome. Na siku tutakapokosea mbele ya watoto wetu, wakicheka watu wote, Mwenyezi Mungu atujalie moyo wa kubaki tumesimama palepale, tuwaulize watoto, na tuwasikilize wakitujibu.