Emilian Clemensi, Aliyeacha Kipande cha Uvimbe Wake Kifanyiwe Kazi

Marehemu Emilian alizaliwa Baray tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa pili wa mwanangu Clemensi. Kwa mvua ya siku ile, kambale wa Ziwa Eyasi walipanda mpaka jikoni kwangu kuomba chumvi. Asiyeamini akawaulize.

Alisoma msingi hapa hapa Baray na sekondari Karatu, akamaliza mwaka 2007. Kuanzia 2010 alikuwa dereva wa watalii Ngorongoro. Mara moja aliwasimamisha wageni barabarani ili kobe avuke. Akaniambia, "Bibi, alikuwa na haraka kuliko wewe ukienda kanisani."

Tarehe 8 Oktoba 2016 alifunga ndoa na Resiato, binti kutoka Engaresero.

Juni 2023 kichwa kilianza kumuuma, mkono wa kushoto ukawa mzito. Ulikuwa uvimbe wa saratani kwenye ubongo. Alipasuliwa, akapewa dawa. Uvimbe ulirudi, na safari hii dawa haikuuweza. Aliwauliza madaktari kwa nini, akaja kunieleza.

"Bibi, ndani ya seli kuna vinyuzi vidogo mno, vinaitwa maikro-RNA. Kazi yake ni kunyamazisha amri. Vile vinavyouzuia uvimbe usikue vimepungua. Vingine vimezidi, vinanyamazisha amri ya kuifanya seli mbovu ife dawa ikiingia."

"Kwa hiyo uvimbe umehonga walinzi?"

"Umewahonga, Bibi."

Hapo ndipo aliposema kwamba akipasuliwa tena, watafiti wanaomba wabaki na kipande cha uvimbe, wavichunguze vinyuzi hivyo. Hakutaka kukubali bila baraka yangu.

Nikakataa. "Mimi simziki mjukuu aliyepungua."

"Bibi, meno yako yako wapi?"

"Karatu, kwa daktari wa meno."

"Sasa wewe tutakuzikaje?"

Nilicheka mpaka nikalia. Nikamwekea mkono kichwani, taratibu, pale penye kovu, nikambariki. Akapasuliwa tena, na kipande kikabaki kwa watafiti.

Alifariki nyumbani kwake Karatu tarehe 3 Februari 2025, kichwa kikiwa mapajani mwa Resiato.

Ameacha mjane, watoto wawili, Nasieku na Yohani, wazazi wake, dada yake Cresensia, na mimi. Mnaonong'ona kwamba jeneza hili lina upungufu, semeni kwa sauti: ni kweli, na nilibariki mimi. Watafiti wanasema hawajapata jibu, bado wanatafuta.

Lala kwa amani, mjukuu wangu. Kile kipande tumekiacha macho.