Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Wapendwa wa Manyamanyama hapa Bunda, Bwana apewe sifa asubuhi hii! Asanteni. Lakini leo msinipigie makofi. Mara ya mwisho mlinipigia na sikustahili.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Magesa, fundi cherehani wa Kamunyonge kule Musoma, mzaliwa wa Bukima. Mwaka juzi nilisimama hapahapa mbele nikasema Mungu ameniponya ugonjwa wa sukari. Nimemwomba mchungaji nirudi kusimulia upya, maana ushuhuda ule haukuwa wa kweli.

Ndugu zangu, mnaikumbuka miaka ya shida. Sukari ilikuwa ya foleni, na chai ya rangi tulikuwaga tunaisindikiza na kiazi. Sabuni hakuna, mke wangu Nyabise anafua kwa majani ya mpapai. Kazi yangu ilikuwa kupunguza viuno vya suruali za watu. Muhogo nililima mwenyewe Bukima, nikienda kwa baiskeli ambayo tairi zake nimezijaza majani, na sehemu kubwa ya njia naisukuma. Nilikuwa mwembamba na hospitali siijui. Lakini moyoni niliweka nadhiri mbaya: siku sukari ikirudi, nitaikomoa.

Ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka yakajaa. Ndugu zangu, nilikula kwa hasira! Chai vijiko vitano. Soda mbili kabla ya saa sita, nimekaa palepale kwenye cherehani. Samaki sato ambaye mama yangu alimchemsha na nyanya tu, mimi nikamkataa mpaka aogelee kwenye mafuta. Shamba nikaliacha. Suruali zangu nikawa naziachia kiuno, naachia tena, mpaka kitambaa cha kuachia kikaisha. Na watu wakanisifu: "Fundi, siku hizi umependeza!" Nami nikaamini ni baraka.

Halafu ikaja kiu isiyokatika. Macho yakaingia ukungu, nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Hospitali wakanipa vidonge, wakaniambia nipunguze ugali, niache soda, nitembee. Vidonge nilichukua. Maneno niliyaacha mlangoni.

Wakati huo kanisa letu Musoma lilitangaza wiki ya maombi ya kufunga. Nilifunga yote, bila kumwambia mtu wa hospitali. Baada ya hapo nikaenda kupima. Nesi akasema, "Imeshuka vizuri, baba. Ila usifungefunge hivyo, na dawa usiache." Mimi nikasikia nusu tu. Imeshuka! Wiki ileile mlikuwa na mkutano hapa Bunda. Nikaja, nikapanda hapa mbele, nikainua pakiti ya dawa mkaiona, nikaitupa chini. Mlishangilia hata mabati yakalia.

Dada yangu mkubwa, Nyangeta, mshiriki wenu, alikuwa amekaa kwenye mabenchi ya akina mama. Yeye sukari ilimpata kabla yangu. Alirudi nyumbani akazimwaga dawa zake chooni.

Mimi nilirudia chai yangu ya vijiko vitano. Wiki ya tatu kiu ikarudi, ukungu ukarudi, nikaogopa kufa. Nikaenda hospitali kimyakimya, nikapewa vidonge vingine, nikavificha kwenye kopo la vifungo. Kila asubuhi nilikuwaga nainama kama mtu anayetafuta kifungo, nameza. Hata Nyabise hakujua. Na bado makanisa yakaniita nikashuhudie uponyaji. Nilifika mpaka Butiama! Nilijiambia nalinda jina la Mungu. Uongo. Nililinda jina langu.

Siku moja nikaletewa habari kwamba dada amekanyaga msumari na kidonda hakifungi. Nikaja. Mguu ulikuwa umevimba, unanuka. Majirani wanamsihi aende hospitali, yeye anawajibu, "Magesa aliponywa. Na mimi napona." Ndugu zangu, niliweka mikono yangu kwenye ule mguu nikaomba kwa sauti kubwa, na vidonge vyangu viko mfukoni! Nikapanda gari nikarudi Musoma.

Siku ya nne wakampeleka hospitali hajitambui. Mungu alimrudishia uhai, lakini mguu walikata chini ya goti.

Nilipofika kitandani kwake nilipiga magoti. Nikasema, "Dada, mimi dawa nilirudia."

"Ulirudia lini?"

"Wiki ya tatu."

"Na siku ile unaniombea mguu, ulikuwa umekunywa?"

"Nilikunywa asubuhi yake."

Akageukia ukutani. Heri angenitukana! Siku ya tatu akaniomba nimsogezee uji, akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Nimekusamehe kwa ajili ya Yesu, siyo kwa ajili yako. Ila utaenda kuwaambia walewale."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Nyabise yote. Alilia, kisha akaleta kopo la vifungo mezani, akavitoa vidonge, akaviweka kwenye kabati la vyombo, mahali kila mgeni anaviona. Hapo ndipo nilipoanza kufunguliwa, ndugu zangu. Siyo siku ya makofi. Siku ya aibu!

Nilianza kuyatii maneno niliyoyaacha mlangoni. Naamka natembea mpaka ziwani na kurudi kabla sijafungua kazi. Ugali tonge chache, mchicha mwingi, samaki wa kuchemsha kama wa mama. Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza tu nilialikwa arusini nikala maandazi mpaka nikaona haya. Nikamwambia Nyabise, "Nimeshindwa." Akasema, "Umeshindwa leo. Kesho utatembea." Nilitaka Mungu anipe nguvu za mwaka mzima kwa mkupuo, kama nilivyotaka kwa ile wiki ya kufunga. Alinipa za siku moja. Kesho yake nikaenda kuomba nyingine. Mpaka leo ndivyo tunavyoishi, mimi na Mungu.

Sijapona. Nasema mbele zenu, sijapona! Vidonge nimemeza leo asubuhi kwa maji ya nyumbani kwa mchungaji. Lakini sukari imetulia, macho yanaona, na uongo umenitoka. Namshukuru Mungu ambaye hakuniua nilipokuwa nalitumia jina lake. Namshukuru yule nesi. Namshukuru mke wangu.

Nimechelewa kuja, hilo pia ni dhambi yangu. Mzee mmoja wa kanisa letu aliniambia, "Fundi, utawavunja watu moyo." Nikajificha nyuma ya neno lake miezi mingi. Aliyenitoa ni dada. Jana nilikwenda kumtazama, akaniambia kwamba humu ndani wako akina mama wengine watatu waliotupa dawa siku ile. Watatu! Nikamwuliza majina, akakataa. Akasema, "Siyo kazi yangu kuwataja. Ni kazi yako kuwafikia."

Dada yuko pale, karibu na dirisha, na magongo yake.

Mama zangu, mnajijua. Siwajui na sitawauliza mbele ya watu. Mtumainini Mungu kwa moyo wote, mwombeni awaponye, mimi nitaomba pamoja nanyi. Lakini msinitumaini mimi, na yale niliyosema hapa mwaka juzi msiyashike hata siku moja zaidi. Kesho asubuhi nitakuwa hospitali ya hapa Bunda, kwenye benchi la wagonjwa wa sukari. Nitashika foleni kwa ajili yenu. Nikiwaona watatu, nitajua Bwana amenisamehe hata hili.

Mkishindwa kungoja kesho, nashuka sasa hivi. Nitasimama nje mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke.